Dumu Lililotoka Kwenye Mzunguko

Kwenye kona yetu, kati ya kibanda cha fundi redio na ukuta wa shule ya chekechea, kuna benchi refu ambalo mguu wake mmoja ni tofali, na watu wa benchi hilo ukiwauliza wanafanya kazi gani watakuonyesha kikombe. Wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, tunamwita Waya kwa kuwa ndiye huyo fundi wa redio na simu, kibanda ni chake, ila ukimtaka usimtafute kibandani. Wa pili ni Bunge, mzee mstaafu, alikuwa mlinzi wa ghala la vitabu vya shule, hakukisoma hata kimoja lakini vyote alivilinda, na hakuna hoja inayopita pale bila yeye kuichangia. Wa tatu ni Shangazi Cherehani, fundi nguo, si shangazi wa damu wa mtu yeyote pale ila ni shangazi wa wote. Anayemimina kahawa ni Birika, mtu mpole, maneno yake machache na vikombe vyake vidogo. Mimi si mtu wa benchi. Mimi hupita, natoa shikamoo yangu, naenda zangu, nina mtoto na nina kazi. Lakini siku ile nilifika pale mbio, mtoto mgongoni, dumu mkononi, ndala moja imekatika njiani, na nilikuwa nalia bila kujua kwamba nalia mpaka Shangazi aliponifuta uso kwa kipande cha kitambaa chenye pini.

Mimi: Shemeji, nisomee hii, nisomee wewe, maana mimi nimeisoma mpaka herufi zinacheza, na mtoto ameshakunywa, juzi amekunywa, jana amekunywa, leo asubuhi nimemkorogea uji.

Waya: Amekunywa nini, shem? Pumua kwanza.

Mimi: Soma.

Akachukua simu yangu, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa habari, hana sauti nyingine ya kusomea: "Ndugu mpokeaji. Dumu lililo kwako limetoka kwenye mzunguko. Lisitumike kwa chakula wala kwa maji ya kunywa mpaka likaguliwe. Piga namba ifuatayo."

Wote wakaliangalia dumu. Nilikuwa nimelitua mbele yao, dumu jeupe, safi, la mkono mnene, na ubavuni lina kibandiko cha vimraba vyeusi vidogovidogo, ile alama ambayo watu huipiga picha kwa simu. Lilikaa pale kama mgeni asiyejua kwa nini ameitwa.

Bunge: Binti, hili umelipata wapi?

Nikamweleza, tena nilimweleza kwa kukimbia kama ninavyoandika sasa. Mimi asubuhi nafanya kazi kwenye tanuri la mikate, kazi yangu ni kupokea mizigo kabla wenzangu hawajaanza kukanda. Kuna kiwanda kinatuletea shira, ile sukari iliyochemshwa ikawa nzito, tunapaka juu ya skonzi ziweze kung'aa. Zamani shira ilikuja kwenye madumu ya kila rangi, tukimaliza tunayatupa uani, anayetaka anachukua. Mwaka huu wameanza kuleta haya meupe yenye vibandiko, dereva akishusha anakipiga picha kila kimoja kwa simu yake ya kazi, na siku ya kwanza akaniomba namba ya simu, akasema mfumo unataka namba ya mpokeaji. Nikampa kwa uso mkavu, nikamwambia na mume ninaye. Sasa wiki hii mwenye tanuri akaona uani pamejaa, akaniambia chukua moja ukawekee maji ya mtoto. Nikalichukua, nikashukuru, nikalisuuza vizuri, nikajaza maji niliyoyachemsha. Mwanangu ana miezi saba, ndiyo kwanza ameanza uji. Na leo mchana ujumbe umeingia, baba yake yuko kazini juu ya ghorofa linalojengwa, simu yake imezimwa, na mtoto amelala usingizi ambao sio wake, yeye halali hivi mchana, na shingoni ana vipele.

Shangazi Cherehani: Vipele vya lini?

Mimi: Nimeviona leo. Labda vilikuwepo. Sijui, Shangazi, leo ndiyo nimeviona.

Nikapeleka kidole nyuma ya bega, nikakiweka chini ya pua ya mtoto, nikasikia pumzi, nikakitoa. Nikakirudisha tena.

Waya: Lakini wewe si umesema liliingia na shira? Shira ni sukari. Sukari imemdhuru nani?

Bunge: Liliingia kwenu na shira. Kabla ya hapo je? Dumu linalokwenda na kurudi ni kama kitanda cha nyumba ya wageni, wewe umelala leo, jana nani alilala? Leo shira, mwezi jana dawa ya panya.

Shangazi Cherehani: Mzee Bunge, mwenzio analia.

Bunge: Sisemi ni dawa ya panya. Inaweza kuwa maji ya betri.

Hapo nikajishikiza kwenye nguzo ya kibanda. Nikasema basi napiga hiyo namba, na Waya alikuwa ameanza kunirudishia simu, lakini Bunge akainua mkono kama askari wa barabarani.

Bunge: Usipige. Ukipiga umekiri.

Mimi: Nimekiri nini?

Bunge: Kwamba dumu unalo.

Shangazi Cherehani: Hapo ana hoja. Watakwenda tanurini, watasema mfanyakazi ameiba chombo cha kiwanda, na kazi yako ndiyo inakwenda hivyo. Tujue kwanza maana ya maneno, halafu ndiyo tupige.

Waya: Maneno yako wazi. "Limetoka kwenye mzunguko." Mzunguko ni saketi, njia ya umeme. Hiki kibandiko ni eriali, wanakifuatilia kutoka kiwandani, na kimepoteza mawasiliano. Redio ikitoka kwenye mzunguko inakoroma.

Mimi: Dumu halikoromi, shemeji.

Waya: Halijaanza.

Shangazi Cherehani: Eriali kwenye plastiki? Betri yake iko wapi?

Waya: Ndiyo hilo la kujiuliza. Mzunguko bila betri, umeme wake unatoka wapi? Kwenye maji. Maji yanapitisha umeme, hilo hata chekechea hapo nyuma wanafundishwa.

Kwa hiyo nikawa na mtoto aliyekunywa maji ya betri yenye umeme. Nikamfungua mbeleko, nikamleta mbele, nikamtazama. Mdomo wazi kidogo, mate kidogo kwenye kona ya mdomo, kope zimetulia. Amelala vizuri sana. Ndilo lililonitisha, jinsi alivyolala vizuri.

Bunge: Waya, wewe kila neno unaliunganisha na soketi. Mzunguko ni lugha ya fedha. Noti ikichakaa inatolewa kwenye mzunguko, hata muuza karanga haipokei. Maana yake dumu hili limehukumiwa. Limezunguka mpaka limechoka, limebeba kila uchafu wa dunia, kiwanda kimelikataa, ndiyo mwenye tanuri akaona alitoe sadaka.

Shangazi Cherehani: Noti zinachakaa. Hili jipya, litazame.

Bunge: Limeoshwa. Hata mwizi akienda mahakamani anaoga.

Birika: Kahawa, mzee?

Bunge: Tia.

Shangazi Cherehani akaweka chini nguo aliyokuwa akiipinda, akakohoa.

Shangazi Cherehani: Mimi mzunguko ninaoujua ni mmoja tu, na hauzungumzwi mbele ya wanaume.

Waya: Shangazi, ni dumu.

Shangazi Cherehani: Ndiyo nasema. Huyo dereva alichukua namba ya mama wa watu, akajifanya ni mfumo. Sasa anaandika mambo ya mzunguko. Mbona hasemi dumu linalovuja, dumu lililopasuka? Anataka kujua kama dada ana mimba au hana. Ni utongozaji wa kistaarabu, wa kisasa.

Mimi: Shangazi, ameandika lisitumike kwa maji ya kunywa.

Shangazi Cherehani: Amechanganya mambo ili mume akiusoma asielewe.

Waya akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Na mimi, sijui niseme nini, kwa nukta moja nilitamani iwe kweli. Nilitamani iwe ni dereva mwenye tabia mbaya, nimtukane, yaishe, mwanangu awe mzima. Nikamgusa mguu. Mguu wa joto. Joto la usingizi au joto la homa, vidole vyangu vilikuwa vimeshasahau tofauti.

Bunge: Nyie mnacheka, hamjajiuliza swali lenyewe. Kiwanda kinatengeneza shira. Faida yake iko kwenye shira. Kwa nini kitie fedha kwenye vibandiko, kitie kwenye simu za madereva, kitie kwenye kompyuta, kiajiri mtu wa kuandika ujumbe, yote hayo kwa ajili ya dumu tupu? Nani anawekeza kwenye kitu kitupu?

Waya: Labda wanayataka madumu yao.

Bunge: Akili ya mtu mwenye mtaji haiendi hivyo. Mimi nimelinda ghala maisha yangu yote. Kitu kikitoka, kimetoka. Ghala halimfuati mwanafunzi nyumbani kumuuliza kitabu kiko wapi. Ukiona chombo kinafuatwa, jua hakifuatwi chombo. Anafuatwa mtu.

Shangazi Cherehani: Mtu gani?

Bunge: Huyu binti. Mimi. Wewe. Wanayasambaza haya madumu majumbani, kibandiko kinahesabu maji, wanajua mtaa huu unakunywa kiasi gani, halafu siku moja bomba linakauka na wao ndio wanauza maji. Limetoka kwenye mzunguko maana yake ni binti amelisogeza kutoka pale walipolitega.

Waya: Basi na hiki hapa kinatusikia.

Wote wakakitazama kibandiko. Shangazi Cherehani akachukua ile nguo aliyokuwa akiipinda, akalifunika dumu ubavuni, polepole, kama unavyomfunika mtu mwenye homa. Na Bunge akaendelea kwa kunong'ona kwamba madumu yote yakisharudi wanayayeyusha, wanatengeneza mengine yaleyale, wanayatuma, yanarudi, wanayayeyusha, mpaka dunia nzima inabaki na dumu moja linalozunguka, na mwenye dumu hilo ndiye mwenye dunia. Waya akauliza sasa kwenye dunia hiyo fundi redio atakula nini. Bunge akasema hilo linahitaji kamati.

Mimi sikuwa nasikiliza tena. Nilikuwa nimeinamisha sikio kifuani kwa mwanangu.

Hapo ndipo pikipiki iliposimama, akashuka mtu tusiyemjua, mpeleka vifurushi, mkoba mkubwa mgongoni, kofia ngumu kwapani. Akaomba kahawa, akasimama kuinywa, maana benchi lilikuwa limejaa na mbele yake kuna dumu lililovalishwa gauni. Akatutazama mmoja mmoja.

Mpeleka vifurushi: Kuna msiba?

Waya akamsimulia, na kusimulia kwa Waya ni pamoja na saketi, Bunge akaongeza noti na dunia ya dumu moja, Shangazi akaacha sehemu yake kwa heshima ya mgeni. Yule mtu akasikiliza mpaka mwisho, akameza kahawa yake.

Mpeleka vifurushi: Sawa. Na huyo wa hiyo namba amesemaje?

Waya akaangalia simu yangu iliyokuwa mapajani mwake muda wote ule. Bunge akavua miwani akaanza kuifuta. Shangazi Cherehani akasema kitu kuhusu uzi.

Mpeleka vifurushi: Hamjapiga?

Mimi: Walisema nikipiga nimekiri.

Mpeleka vifurushi: Dada, mtoto amekunywa maji na wewe unaogopa kukiri?

Hakulisema kwa ukali. Alitoa simu yake mwenyewe, akabonyeza namba kutoka kwenye ujumbe, akaweka spika, akanipa. Ikaita. Ikaita tena. Akanishikia kiwiko.

Ikapokelewa na sauti ya mwanamke kijana, nyuma yake kuna ngurumo ya mashine na maji yakimwagika.

Sauti ya simu: Karibu, idara ya kuoshea vyombo.

Mimi: Dada, mimi ndiye mwenye dumu, yaani sio mwenye dumu, nilipewa, sikuiba, mtoto wangu amekunywa maji yake kwa siku kadhaa, nataka tu uniambie lilikuwa na nini kabla, niambie ukweli, kama ni dawa niambie ni dawa, niende hospitali sasa hivi.

Sauti ya simu: Taratibu, mama. Nisomee namba iliyo chini ya kibandiko.

Waya akalivua dumu gauni lake, akapiga magoti, akaisoma namba kwa ile sauti ya mtangazaji. Tukasikia vidole vikigonga.

Sauti ya simu: Nimelipata. Limeanza kazi mwaka jana. Safari ya kwanza, shira. Ya pili, shira. Ya tatu, shira, lilikwenda kwa watengeneza peremende. Likaoshwa. Shira. Shira. Hapa lilipumzishwa, mfuniko ulipasuka, wakabadilisha. Shira. Safari ya mwisho ndiyo hiyo ya tanuri lenu. Shira.

Mimi: Hakuna kingine?

Sauti ya simu: Hakuna. Kila likijazwa linapigwa picha, likioshwa linapigwa picha. Lingebeba kitu kingine ningekiona hapa, na haliruhusiwi kubeba kingine.

Bunge akaegemea simu.

Bunge: Na kabla ya hapo? Maana najua mnayayeyusha. Plastiki yake ilitoka wapi?

Nilitaka kumpiga teke. Lakini ile sauti ikajibu bila kuchoka.

Sauti ya simu: Swali zuri, mzee. Yakizeeka tunayapeleka kusagwa na kutengenezwa upya, ndiyo. Lakini ni yale yetu tu, yenye kibandiko. Lisilo na kibandiko haliingii kwenye vyombo vya chakula, maana hatujui lilibeba nini.

Mimi: Sasa dada, kama ni shira tupu, mbona mmeniandikia lisitumike kwa maji ya kunywa? Mbona mmenitisha hivi?

Maji yakaendelea kumwagika huko.

Sauti ya simu: Mama, sisi ndio tunaogopa. Dumu likichelewa kurudi hatujui mmelitia nini huko nje. Tunayapata yamejaa mafuta ya taa. Tunayapata yana rangi ya ukuta. Likirudi hivyo, likaoshwa vibaya, tukalijaza shira, linakwenda kwa watoto wa watu. Ndiyo maana tukatuma ujumbe. Wewe umetia nini humo?

Mimi: Maji.

Sauti ya simu: Maji tu?

Mimi: Maji ya kuchemsha. Ya mtoto.

Sauti ya simu: Hakuna mafuta? Hakuna sabuni ya maji, dawa ya mbu?

Mimi: Maji, dada. Naapa.

Nikasikia akishusha pumzi ndefu, pumzi kama yangu kabisa, na mimi nikashusha yangu, tukawa tunapumua wote wawili kwenye spika ya mtu tusiyemjua. Akasema alikuwa ameshajiandaa kusikia mafuta ya taa. Nikamwambia na mimi nilikuwa nimeshajiandaa kusikia maji ya betri. Akacheka, nami nikacheka, na machozi yakanitoka mara ya pili, ila haya yalikuwa mepesi.

Akaniuliza mtoto yukoje. Nikamwambia amelala, ana vipele shingoni. Shangazi Cherehani akamchukua mwanangu, akamgeuza, akamfunua kola, akavitazama vile vipele kama anavyotazama mshono wa fundi mwenzake.

Shangazi Cherehani: Joto. Umemvalisha sweta, tena ndani ya mbeleko, mama, na jua hili. Mimi mwenyewe ningelala nisiamke.

Sauti ya simu: Bado mpeleke kliniki wakamwangalie, moyo wako utulie. Na hilo dumu dereva atakuja kulichukua, mwambie mwenye tanuri yanarudi sasa, hayatupwi uani kama zamani. Hujakosa kitu. Yeye ndiye hakusoma maelezo tuliyompa.

Mimi: Hamtamwambia nimeiba?

Sauti ya simu: Tutamwambia umelitunza. Mengine huwa tunayakuta yamekatwa katikati, yamepandwa maua.

Waya: Samahani dada, mimi ni fundi. Huo mzunguko mnaousema, ni saketi?

Sauti ya simu: Linakuja kwenu, linarudi kwetu, linaoshwa, linajazwa, linakuja kwenu. Ndiyo huo tu, kaka. Lenu lilikaa, likawa limetoka.

Bunge: Na kompyuta zote hizo, kwa ajili ya kitu kitupu?

Sauti ya simu: Mzee, zamani kila shira tuliinunulia dumu jipya, na lile la kwanza hatukujua limekwenda wapi. Ukipita mitaani unaona madumu yetu kila mlango, yana maji, yana petroli, mengine yako mtaroni. Sasa tunajua kila moja liko wapi na lina safari ngapi. Ndilo tulilolipia, kujua. Utupu wenyewe ulikuwepo tangu zamani.

Akatuaga, mashine zikamwita. Bunge akavaa miwani yake akasema ndicho alichokuwa akikisema tangu mwanzo, kwamba wanafuatilia. Nadhani hata yeye alikuwa amechoka kuogopa.

Mwanangu akaamka wakati huohuo mikononi mwa Shangazi, akaangalia watu, akanyoosha mkono akaipokonya miwani ya Bunge usoni. Aliivuta kwa nguvu, kwa nguvu zake zote za mtoto mzima mwenye afya, mpaka Bunge akamfuata kwa kichwa kama mbuzi anayevutwa kamba, anamwambia taratibu mheshimiwa, taratibu. Nikamchukua. Nikamvua sweta. Nikamnusa kichwani, kichwa kinanuka jasho na uji, na sijawahi kunusa kitu kizuri kama kile.

Birika: Kaa, mama. Hiki chako, usilipe.

Nikakaa. Mara ya kwanza kukaa kwenye benchi lile tangu niolewe mtaa huu. Shangazi akasogea, Waya akasogea, tofali likalia chini. Nikapokea kikombe, kahawa inafuka moshi, chungu, yenye harufu ya mkaa na tangawizi, nikakiinua mdomoni. Yule mpeleka vifurushi alikuwa anavaa kofia yake aondoke. Akasimama, akakitazama kikombe chake kitupu, kisha akamtazama Birika aliyekuwa amejikunja kutoa dumu jingine chini ya benchi ili ajaze birika maji. La njano lililofifia mpaka likawa rangi ya jino, mkono wake umefungwa waya, mdomo hauna mfuniko ila kipande cha nailoni. Ubavuni hakuna alama yoyote.

Mpeleka vifurushi: Na hilo, kaka, lilibeba nini kabla?

Birika akalitazama. Akaligeuza upande wa pili, akalitazama tena.

Birika: Nilinunua sokoni. Likiwa tupu.

Mpeleka vifurushi: Lakini kabla halijawa tupu.

Birika akamtazama Waya. Waya akamtazama Shangazi. Shangazi akatazama ndani ya kikombe chake, ambacho nilijua si cha kwanza wala cha tatu siku ile. Bunge akafungua mdomo, na sote tukamgeukia kwa matumaini, akaufunga.

Nikakiweka kikombe changu kwenye benchi taratibu kisimwagike, nikamshukuru Birika kwa moyo wote, nikamfunga mwanangu mgongoni bila sweta, nikachukua dumu la kiwanda mkononi, nikamwambia Waya aniazime ndala zake niende kliniki. Nilipokata kona nilisimama kidogo kusikiliza. Nyuma ya ukuta watoto wa chekechea walikuwa wanaimba. Benchini hakukuwa na hata sauti moja.